Dakika Ishirini Kati ya Birnin Dawa na Kalgeri

Kutoka uwanja wa ndege wa Birnin Dawa hadi uwanja wa Kalgeri ni kilomita mia tano arobaini na tano kwa njia ya angani. Ndege pekee ya kampuni, ya injini moja na viti tisa, iliumaliza umbali huo kwa saa moja na dakika hamsini hewa ikiwa imetulia, na kwa saa mbili na ushee miezi ya upepo wa vumbi, maana upepo ule hutoka kaskazini mashariki na kuipiga ndege usoni. Gidado aliyajua hayo kama anavyolijua jina la mama yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa safari pale Birnin Dawa. Yeye ndiye aliyeandika ndege imeruka saa ngapi, itatua saa ngapi, imebeba nani na nini, na yeye ndiye aliyekaa mbele ya redio ya upepo kuzungumza na mwenzake wa upande wa pili.

Siku hiyo ya ishirini na tisa ya Ramadhani ndege ilipangwa kuruka saa saba mchana. Saa tisa na nusu ilikuwa bado imekaa chini, magurudumu yamewekewa vigogo, vumbi limeifunika mabawa mpaka rangi haionekani. Na kwenye benchi la abiria, akiwa amejitanda kanga mbili kumkinga mtoto, alikaa Takko, binti yake Gidado.

Takko alirudi kwa wazazi wake mimba yake ya kwanza ilipotimiza miezi saba, kama wanavyofanya wasichana wote wa kwao, akajifungulia mikononi mwa mama yake. Sasa mtoto ana siku arobaini na mbili. Mumewe, Ari, kijana wa Kikanuri anayefundisha shule huko Kalgeri, alikuwa ameshatuma salamu mara tatu kuuliza kama wakwe zake wameamua kumrithi mke wake. Sikukuu ni kesho au keshokutwa, mwezi ndio utakaosema, na Ari alitaka kuuona uso wa mwanawe siku ya sikukuu. Gidado alikiomba kiti kile wiki mbili, akakipata. Hayo yakumbukwe. Yeye mwenyewe aliitaka safari ile.

Kilichoichelewesha ndege ni mtu mmoja. Abiria wanane walikuwepo tangu adhuhuri, na wa tisa alikuwa Alhaji Nadabo, na meneja wa kampuni, bwana Sabitu, alikuwa amesema ndege haiondoki bila Alhaji.

Watu wa Kalgeri walimwita Alhaji Taa, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Uwanja wa Kalgeri hauna taa, ingawa serikali imezilipia mara tatu. Mara ya kwanza, enzi za wanajeshi, walimwaga vijiwe vya zege kandokando ya njia ya kurukia, viwili viwili, vya kusimamishia taa, wakaondoka. Mara ya pili taa zilikuja kweli, ndani ya makasha, gavana akaja akakata utepe, akapigwa picha, na kabla wageni hawajamaliza soda zao makasha yakapandishwa kwenye lori lilelile yakaenda zake. Mara ya tatu zabuni ikamwangukia Nadabo. Alichimba mtaro mita mia nane, akalaza waya mita mia mbili, akaufukia wote, akalipwa wote. Mbuzi wa Kalgeri hadi leo hulala juu ya ule mtaro kwa sababu udongo wake ni laini. Kwa hiyo sheria ya Kalgeri ni moja tu, nayo haijaandikwa popote kwa fahari: ndege itue kabla jua halijazama, au isiende.

Alhaji Nadabo alifika saa kumi kasoro robo na magari mawili. Gari la kwanza lilimbeba yeye. La pili lilibeba katoni za nguo za sikukuu na jenereta moja jipya, la kijani, bado lina nailoni. Alikuwa analipeleka nyumbani kwake Kalgeri.

Rubani, Kepteni Osagie, alikuwa mtu wa kusini, ana miezi miwili tu pale, kijana mpole anayefanya hesabu zake kwa penseli. Akaliangalia jenereta, akaangalia daftari la uzito, akasema haiwezekani. Sabitu akamchukua pembeni. Waliporudi, kijana wa mafuta aliagizwa afyonze mafuta kutoka tangi moja mpaka uzito utoshe. Yakabaki ya kufika Kalgeri na ya dakika ishirini juu yake. Kawaida huwa arobaini na tano.

Kisha Osagie akaingia ofisini kwa Gidado, akainamia meza.

"Baba Gidado, leo upepo utanipiga. Naona saa mbili na dakika moja. Nikiruka saa kumi na dakika sita, natua saa kumi na mbili na dakika saba. Jua linazama saa ngapi?"

Hili ndilo swali. Zamani kulikuwa na kitabu cha machweo, chenye kila uwanja na kila tarehe, kikiletwa kila mwaka kutoka makao makuu. Cha mwisho kilikuja miaka tisa iliyopita, panya wakakila nusu, Gidado akaandika barua ya kuomba kingine. Akaandika ya pili. Akaandika ya saba. Nakala za barua zote saba zilikuwa kwenye droo. Hakuna aliyejibu, na watu huzoea. Ukutani, juu ya redio, ilitundikwa kalenda ya Ramadhani iliyotolewa na msikiti wa Ijumaa wa Birnin Dawa, karatasi nzuri ya kung'aa, ina picha ya kuba, ina saa ya kufunga na saa ya kufungua kwa kila siku. Mwezi mzima watu wote wa uwanja, mpaka walinzi, walikuwa wakiingia kuchungulia pale. Gidado hakufikiri. Aliinua macho kama alivyoyainua siku ishirini na nane zilizopita, akasoma.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na sita."

"Basi nina dakika tisa mkononi," akasema Osagie, na uso wake ukalegea.

Sabitu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema dakika tisa ni nyingi, watu wameoa ndani ya dakika tisa. Gidado akacheka kidogo. Akatoka kumsindikiza binti yake. Takko alisema mtoto anapiga chafya kwa vumbi, akamuuliza baba yake kama huko juu kuna vumbi. Gidado akamwambia huko juu ni kweupe, akampangusa mtoto uso kwa ncha ya kanzu, akamkabidhi kwa mama yake mlangoni mwa ndege. Jenereta lilikuwa limefungwa kamba nyuma ya kiti cha Takko.

Waliruka saa kumi na dakika sita. Ndege ikaingia kwenye rangi ya kahawia ya mbingu, ikapotea kabla haijafika mwisho wa uzio.

Gidado akarudi kwenye redio kumpa taarifa Bukar.

Bukar Kachalla ndiye aliyekuwa mtu wa redio wa Kalgeri. Walikuwa wamezungumza karibu kila siku kwa miaka kumi na minne, na walikutana uso kwa uso mara mbili tu. Gidado ni Mfulani, Bukar ni Mkanuri, na Wafulani na Wakanuri ni watani tangu huko walikotoka. Mfulani akifiwa, Mkanuri huja kulala juu ya jeneza akidai alipwe kwanza. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuitana kwa majina. Kila mmoja alikuwa mtumwa wa mwenzake. Bukar angefungua redio aseme, mtumwa wangu, ng'ombe wameshaswali? Gidado angejibu kwamba ng'ombe wake wana adabu kuliko baba zake Bukar. Taarifa za kazi zilipita katikati ya matusi hayo kama punje katika makapi, na kila mmoja alijua kuzichambua. Hivyo walidhani.

"Mtumwa wangu," Gidado akasema, "nakuletea mzigo. Tisa na kichanga. Ameruka saa kumi na dakika sita, atatua kwako kumi na mbili na saba. Na Bwana Taa yumo, mtayarishie zulia."

Redio ikakoroma kidogo. Kisha sauti ya Bukar:

"Kumi na mbili na saba? Saa hiyo huku sisi tumeshakula na bakuli tumeosha, mtumwa. Unaniletea watu au unaniletea popo?"

Gidado akacheka. Aliusikia mwezi mzima utani ule wa bakuli. Kila magharibi Bukar alifungua redio kumtangazia kwamba yeye anakunywa uji wa mtama, na je, kule Ufulanini bado wanameza mate?

"Nyinyi Wakanuri mnakula jua likiwa utosini," akamjibu. "Ndiyo maana saumu zenu hazipandi, zinaishia kwenye matawi ya mikwaju."

Bukar naye akacheka. Lakini hakufunga redio. Gidado alisikia ule mvumo wa mtu ambaye bado amebonyeza kitufe na hasemi, kama sekunde tano, kama sita. Kisha ukakatika.

Akaandika taarifa daftarini. Akafunga kalamu.

Ofisini mlikuwa na baridi ya vumbi, ile inayokausha midomo mpaka ikapasuka. Sabitu alikuwa amekwenda kulala kwenye mkeka chumba cha pili. Gidado akachukua tasbihi, akaihesabu, akaiacha. Kitu kilikuwa kinamkereketa na hakujua ni nini. Alidhani ni njaa. Kisha akadhani ni mtoto na chafya zake. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alipotambua kwamba ni zile sekunde tano.

Mtu wa utani hanyamazi. Mtani akimaliza kutukana hufunga redio akaenda kucheka na wenzake. Bukar alikuwa anangoja nini?

Gidado akainuka, akaisogelea kalenda mpaka pua ikakaribia kuigusa. Chini kabisa, chini ya jina la mfanyabiashara aliyelipia uchapishaji, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama chungu: nyakati hizi ni za Birnin Dawa na vitongoji vyake, miji mingine ifuate misikiti yake.

Hakuwa na haja ya kuusoma mara mbili. Kila mtoto wa nchi ile anajua kwamba mashariki hufuturu kwanza. Yeye mwenyewe alitaniwa kwa jambo hilo kila jioni kwa siku ishirini na nane. Alilijua kama chakula, hakulijua kama kazi. Hakuna siku alipoyaweka hayo mawili kwenye sahani moja.

Akafungua daftari ukurasa wa jana. Jana jioni alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mwenyewe: saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, Kalgeri, kuagana. Alikumbuka kuagana kule. Bukar alikuwa anatafuna kosai, zile bagia za kunde, anaongea na mdomo umejaa. Akafungua wa juzi. Kasoro dakika tatu. Wa siku iliyotangulia. Kasoro nne. Siku zote Bukar alikuwa anatafuna.

Kwa hiyo jua la Kalgeri lilikuwa linazama saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Dakika ishirini kabla ya la hapa. Ndege ingefika dakika kumi na moja baada ya jua kwenda, na katika msimu wa vumbi hakuna utusitusi wa kuongozea mtu. Jua likishatumbukia, giza huja mara moja, kama mtu ametupa blanketi.

Akairukia redio.

Akamwita Osagie, hakuitika. Kwa umbali ule na vumbi lile ilikuwa ni kama kumwita mtu aliye kisimani. Akamwita Bukar. Redio ikakoroma kama fahali. Vumbi la jangwa lina umeme wake, likija kwa wingi huishika redio koo, na Gidado aliijua sauti ile. Ingeweza kuachia baada ya dakika tano au baada ya siku mbili. Akaita tena. Akaita bila utani, kwa majina ya viwanja, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha mafunzo. Huku mkono wa kushoto ukipiga hesabu pembeni ya daftari. Mafuta ya saa mbili na dakika ishirini na moja. Kurudi upepo utamsukuma, hiyo ni nafuu. Akipata taarifa kabla ya saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili anaweza kugeuza na kufika nyumbani na tone la mwisho. Birnin Dawa taa zipo, mbovu, lakini zipo. Baada ya hapo hawezi.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na kumi na sita. Akaita. Kumi na moja na kumi na tisa. Akaita mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Sabitu akaja mlangoni, macho mekundu ya usingizi, akauliza kuna nini. Gidado akamwonyesha ule mstari mdogo kwa kidole. Sabitu akausoma. Akamtazama Gidado. Akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kuwa karibu naye watu watakapofika.

Kumi na moja na ishirini na mbili ikapita.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na nane redio ilipoachia, ghafla, kama kikohozi kilichotoka.

"Gidado."

Miaka kumi na minne. Gidado alielewa kabla mwenzake hajaongeza neno la pili.

"Gidado, sikuwa natania saa ile."

"Najua, Bukar."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Nimekuita, redio ilikuwa imekufa."

"Mimi nilisema utaelewa. Nikasema huyu anajua, atapiga tena aniambie amegeuza ndege. Nimemsikia rubani. Yuko kilomita mia na sabini. Nimemwambia. Anasema hawezi kurudi."

"Hawezi. Ana ya dakika ishirini za kuzunguka. Bukar, binti yangu yumo."

"Ari yupo hapa uwanjani tangu saa tisa," Bukar akasema. "Amevaa nguo mpya."

Kisha mambo yakaenda upesi huko, na Gidado akiyasikia vipandevipande tu, maana Bukar alikuwa anatoka na kurudi. Kwamba siku hiyo, watu wakingoja mwezi, uwanjani hakukuwa na mtu ila mlinzi, Ari na wachungaji wawili. Kwamba gari la zimamoto halina betri tangu mvua zilizopita. Kwamba Ari ametumwa mjini na pikipiki yake kuita kila mwenye gari. Kwamba mlinzi anajaza mchanga na mafuta ya taa kwenye makopo ya maziwa, na makopo yako kumi na saba, na njia ya kurukia ina urefu wa kilomita moja na nusu. Gidado alimwambia wayapange makopo upande mmoja tu, asihangaike na pande mbili, rubani aone mstari. Bukar akasema ndivyo wanavyofanya. Akasema na vile vijiwe vya zege vimesaidia, wameweka makopo juu yake.

Sabitu alikuwa bado amesimama. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro kumi akafunga mlango wa nje na kuvuta kiti.

Alizungumza taratibu. Alisema hakuna aliyependa jambo hili. Akasema yeye na Gidado ni watu wa kazi, wana familia, na watu wa makao makuu wakija watauliza kitu kimoja tu, ndege iliruka saa ngapi. Ndege iliyoruka saa tisa na nusu ilikuwa na muda wa kutosha, na ikichelewa njiani ni shauri la rubani na upepo. Karatasi ya abiria haina saa. Mnara wa Birnin Dawa ulikuwa na mtu mmoja, na huyo atazungumza naye. Daftari ni moja tu, la Gidado.

"Ukurasa mmoja," akasema Sabitu. "Uandike upya. Halafu hatujui, pengine wanatua salama, na wewe umeokoa mkate wako bure."

Gidado hakumtazama. "Hawajatua bado, Sabitu."

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi. Baadaye utakuwa huna akili ya kuandika." Akavuta kiti karibu. "Na machweo uliyasoma wewe. Mimi sikuyasoma. Osagie alikuuliza wewe, na mimi nilikuwa shahidi hapo mlangoni."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu liliuma. Kwamba mtu huyu aliizuia ndege saa tatu kumngoja mwizi wa taa, akaamuru mafuta yanyonywe ili jenereta la mwizi lipate nafasi, na bado neno lake la mwisho lilikuwa kweli. Gidado aliiona saa kumi na mbili kasoro nne ikifika. Dirishani kwake jua lilikuwa bado limening'inia juu ya mabanda, jekundu, zima, likimmulika mikono na daftari na kalamu. Nje vijana walikuwa wanacheza mpira. Kule alikokuwa Takko lilikuwa limekwisha.

"Limezama," redio ikasema. "Simwoni mtu aliye mlangoni kwangu."

Saa kumi na mbili na dakika tano Bukar akasema anaisikia. Akaacha kitufe kimebonyezwa ili Gidado naye asikie, na kweli, nyuma ya mkoromo kulikuwa na sauti nyembamba ya injini, ikija, ikikua, ikapita juu, ikaenda. Bukar akasema makopo yanawaka lakini vumbi linazila nuru zake. Akasema magari manne yamefika, wameyaelekeza taa kwenye njia. Injini ikarudi, chini zaidi safari hii. Mtu alipiga kelele kwa Kikanuri. Ikapita tena.

"Ameona magari," Bukar akasema. "Ameniambia ameona magari, hakuona ardhi."

Gidado alikuwa anaandika. Kila neno la Bukar aliliandika na saa yake pembeni, kwa sababu mkono usipoandika ungefanya jambo jingine. Kumi na mbili na tano. Kumi na mbili na kumi na moja. Msikiti wa uwanjani ukaadhini, Birnin Dawa ikafuturu, vijana wakaacha mpira. Sabitu akafungua chupa ya maji, akanywa, akamsogezea. Gidado hakuinua macho.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne Bukar akasema rubani amemwambia anakuja mara ya mwisho, ana mafuta ya mara hiyo tu. Injini ikasikika. Haikukua kama zile za kwanza. Ilikuja, ikashuka sauti, ikawa kama mtu anayevuta pumzi, kisha pakatokea mshindo usiokuwa mkubwa, kama mlango wa stoo, na baada yake mkwaruzo mrefu, na baada yake hakuna.

"Mashamba ya uwele," Bukar akasema. "Upande wa mashariki. Naenda."

Redio ikabaki wazi, ikikoroma juu ya meza tupu ya mtu aliyekimbia.

Dakika kumi na tisa. Katika dakika hizo Gidado alifanya jambo moja. Alikwenda mwisho wa ukurasa akaandika, kwa wino, kwamba ndege iliruka saa kumi na dakika sita baada ya kumngoja abiria Nadabo. Kwamba mafuta yalipunguzwa kwa amri ya meneja ili jenereta lipakiwe. Kwamba rubani aliuliza machweo ya Kalgeri na karani Gidado Jodda akampa ya Birnin Dawa, akiyasoma kwenye kalenda ya msikiti, ilhali alijua tangu utotoni kwamba mashariki jua hutangulia. Akatia sahihi. Sabitu alikuwa anasoma juu ya bega lake. Akanyoosha mkono kulichukua daftari, na Gidado akalifunga na kuliweka kwapani, na jinsi alivyomtazama, Sabitu akaurudisha mkono.

Kisha pumzi za mtu anayehema.

"Gidado."

"Nipo."

"Moto haukuwaka. Hawakuwa na mafuta ya kuwaka." Akahema. "Rubani yu hai, mguu umevunjika. Bwana Taa yu hai, anapiga kelele apelekwe yeye kwanza. Wako wengine. Na kuna mtoto analia. Kulikuwa na watoto wangapi ndani?"

"Mmoja."

"Basi ni huyo. Ari amembeba. Hana hata mkwaruzo, mama yake alimfunika."

Gidado alingoja. Alisikia sauti za watu nyuma ya Bukar, na kitu cha chuma kikiburutwa. Lile jenereta, alifikiri. Lilikuwa nyuma ya kiti chake.

"Bukar. Na Takko?"

Mvumo wa kitufe kilichobonyezwa. Sekunde tano. Sita.

"Njoo, Gidado," Bukar akasema.

Gidado akazima redio mwenyewe. Akachukua kofia yake, akalibana daftari kwapani. Kwa barabara ni kilomita mia saba na kumi, mwendo wa saa kumi na moja kama daraja la mto halijakatika, na alikuwa akihesabu tayari ni stendi gani atapata gari usiku wa kuamkia sikukuu, na atamwambia nini mama yake Takko aliyepika tuwo, ugali wa kufuturu, akimngoja.

Sabitu alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwema. Alisema barabara ile ina majambazi, kwamba mzee kama yeye asisafiri usiku, aketi, ale chochote, aliache daftari hapo mezani lisipotee. Kesho asubuhi kampuni itampeleka kwa ndege, bure, saa mbili tu atakuwa amefika.

"Ndege ipi?" Gidado akamuuliza, akampita.